Mkojo Ule Haukuwa wa Dawa

Rifampisini huugeuza mkojo ukawa wa rangi ya chungwa. Jasho nalo hubadilika, machozi pia, na shati jeupe la mgonjwa huingia madoa kwapani yasiyotoka kwa sabuni. Kila anayefanya kazi kliniki ya kifua kikuu anajua maneno ya kumwambia mgonjwa siku ya kwanza: usiogope, ni dawa. Nimeyasema maneno hayo kwa miaka mingi, na karibu mara zote yalikuwa kweli. Ninachotaka kukiri ni kwamba kuna mgonjwa niliyemwambia hivyo wakati alikuwa anakojoa damu, na nikaendelea kushikilia maneno yangu hata baada ya mwenzangu kuniambia wazi kwamba rangi ile siyo.

Alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo wa Tanzania, mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuja akikohoa damu. Alikuwa amekonda hadi mkanda wake umetobolewa matundu mapya kwa msumari, ana homa za jioni na jasho la usiku. Picha ya eksirei ilionyesha mabaka kwenye mapafu yote mawili, na moja la upande wa kulia lilikuwa na shimo katikati. Makohozi yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, hayakutoa kitu. Yakapimwa tena, hayakutoa kitu. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Sasa, Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na daktari anaruhusiwa kuanza matibabu kwa dalili na picha hata makohozi yasipothibitisha. Nikaanzisha dawa: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli ndani ya kidonge kimoja kwa miezi 2, halafu mbili za kwanza kwa miezi 4.

Kwa uamuzi huo siombi radhi. Kumwacha mwenye kifua kikuu bila dawa ni kumwangamiza yeye na watu wa nyumba yake, na akija mwingine kesho na picha ya namna ile, huenda nikaanza vilevile. Kilichoharibika kilianza pale nilipofunga faili. Tangu siku ile kila alichonieleza mzee yule nilikisikiliza nikiwa na jibu tayari.

Hata siku ya kwanza yalikuwapo mambo niliyoyapita. Mkewe alisema mumewe ana mafua yasiyoisha tangu kabla ya mvua za vuli, na akipenga hutoka magamba magumu yenye damu. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha na usikivu umepungua. Walikwishanunua dawa za antibayotiki madukani mara kadhaa. Niliandika kwenye faili "mafua sugu", nikaongeza antibayotiki nyingine, nikageukia mapafu, maana mapafu ndiyo kazi yangu.

Dawa za kifua kikuu zina madhara mengi, na sisi wa kliniki hiyo tunayajua kwa moyo kama watoto wa madrasa wanavyojua alifu na bee. Isoniazidi huchoma nyayo na kutia ganzi, ndiyo maana tunampa mgonjwa vitamini B6. Pirazinamidi hupandisha asidi ya yuriki na kuumiza viungo. Ethambutoli hudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Rifampisini hubadili rangi ya mkojo. Na yoyote kati yao inaweza kuleta vipele. Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona kwamba daktari mvivu akiwa nayo hawezi kamwe kushtuka. Kiungo chochote mgonjwa atakachokilalamikia, kipo kidonge cha kukisingizia.

Mwezi wa pili alilalamika magoti na vifundo vya miguu. Nikasema pirazinamidi, nikamwandikia diklofenaki. Naomba msomaji aishike hiyo diklofenaki.

Kisha jicho moja likawa jekundu, linauma, mwanga unamsumbua. Nikasimamisha ethambutoli, nikajiona mwangalifu. Lakini ethambutoli haifanyi jicho kuwa jekundu wala kuuma. Hufifisha uoni na kuvuruga rangi, polepole, bila maumivu. Nilikuwa nalijua hilo. Kisha miguu ikatoka vidoa vidogo vya zambarau kwenye miundi. Nikaandika "mzio". Ningebonyeza kipande cha glasi juu ya vidoa vile ningeona kwamba havififii, maana yake damu imevuja nje ya mishipa na kubaki chini ya ngozi. Sikubonyeza.

Halafu akaja na jambo ambalo mpaka leo linanikereketa. Alisema, "Daktari, mguu wa kulia haunisikii kwenye pedali. Nikikanyaga unashuka, lakini vidole havirudi juu." Alikuwa amelala mzima akaamka hivyo. Isoniazidi huanza miguu yote miwili kwa pamoja, kwenye nyayo, kwa kuwaka na ganzi, na huchukua wiki. Mguu mmoja unaokataa kuinuka baada ya usiku mmoja ni mshipa wa fahamu uliokosa damu. Mtu anayeishi kwa kukanyaga cherehani alikuwa ananieleza ugonjwa wake kwa usahihi kuliko kitabu, nami nikamwongezea kipimo cha vitamini.

Siku ya mkojo alikuwapo Sista. Ni muuguzi wa siku nyingi, amenizidi umri na amenizidi miaka ya kliniki hiyo. Aliingia chumbani kwangu akasema, "Daktari, njoo utazame mkojo wa mzee. Huu si wa rifampisini." Nilimuuliza ukoje. Akasema ni wa kahawia kama chai ya rangi iliyochemka sana, na una povu lisilokatika. Nilikuwa naandika taarifa ya robo mwaka. Sikuinua kichwa. Nikamjibu, "Hanywi maji huyo, Sista. Mwambie anywe maji."

Vijiti vya kupima mkojo vilikuwa chumba cha pili, kliniki ya wajawazito, ambako kila mama huchovyewa kimoja kutazama protini. Ukuta mmoja tu. Majibu yangepatikana kabla sijamaliza aya niliyokuwa naandika.

Aliporudi mara nyingine alikuwa amevimba uso na miguu, anatapika, na pumzi inamkatika akilala chali. Mimi sikuwa zamu. Tabibu kijana aliyempokea hakuwa na historia ya kutetea, akaagiza mkojo na kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo. Mtaalamu wa maabara alichovya kijiti, damu na protini vikapanda hadi mwisho, kisha akafanya kazi ambayo wengi siku hizi huiruka: akazungusha mkojo kwenye mashine, akaweka tone la mashapo chini ya hadubini. Aliona chembe nyekundu zilizokunjamana, na akaona kasti, yaani chembe nyekundu zilizobanana zikachukua umbo la vijirija vya figo zilimotoka. Hakuna kidonge cha kifua kikuu kinachopaka rangi kitu kama hicho. Kinapoonekana, vichujio vya figo vimechanika. Kreatinini ilikuwa mara nyingi zaidi ya kawaida.

Daktari bingwa wa figo wa hospitali ya rufaa alinipigia simu kabla gari la wagonjwa halijafika kwake. Aliuliza, "Pua yake vipi? Masikio? Kuna jicho lililowahi kuwa jekundu? Mguu au mkono uliolegea ghafla?" Kila swali nililijibu ndiyo. Yote yalikuwa kwenye faili, kwa mwandiko wangu, kila moja likiwa limepewa kidonge chake. Akasema, "Haya, nadhani unajua huu ni ugonjwa gani." Nilijua. Nilijua alipofika kwenye mguu.

Unaitwa granulomatosisi yenye poliangitisi. Kinga ya mwili inatengeneza kingamwili dhidi ya protini iliyomo ndani ya neutrofili, askari wale wa damu. Neutrofili zinachokozeka na kushambulia kuta za mishipa midogo kabisa ya damu. Kwenye mapafu huacha mabaka na mashimo ambayo kwenye picha yanafanana mno na ya kifua kikuu. Kwenye pua hula utando, na wakati mwingine gegedu, hadi mgongo wa pua ubonyee. Kwenye ngozi huvuja. Kwenye mishipa ya fahamu huziba mishipa midogo inayoilisha. Kwenye figo hupasua vichujio, na figo haziumi, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza zote mbili ndani ya wiki chache huku analalamikia goti.

Nimewasikia watu wakinifariji kwamba ugonjwa wenyewe ni nadra. Ni kweli. Huko Ulaya, kundi zima la magonjwa ya jamii yake hupata wagonjwa wapya kati ya 10 na 20 hivi kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Lakini sikuwa mjinga wa ugonjwa huu. Chuoni tulikariri pua, mapafu, figo, na nililijibu swali lake kwenye mtihani, enzi hizo bado ukiitwa kwa jina la Friedrich Wegener, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1936. (Mwenzake Heinz Klinger alikwishamtangulia kuandika kuuhusu mwaka 1931. Jina la Wegener liliondolewa mwaka 2011, baada ya uanachama wake katika chama cha Wanazi kuchunguzwa.) Kwenye karatasi ya mtihani mgonjwa huja na pua, mapafu na figo siku moja, katika sentensi tatu. Wangu alivileta kimoja kimoja, kwa miezi, na kati ya kimoja na kingine nilikuwa namwambia aendelee na vidonge.

Nilisoma usiku ule. Mwaka 1958 daktari aitwaye Walton alichapisha Uingereza mapitio ya wagonjwa waliokuwa wameandikwa hadi wakati huo: bila matibabu ya maana, wastani wa kuishi ulikuwa miezi 5, na 82 kwa kila 100 walikufa ndani ya mwaka. Miaka ya 1970 Anthony Fauci, yule yule ambaye dunia ilikuja kumwona kila siku wakati wa UVIKO, pamoja na Sheldon Wolff, walionyesha huko Marekani kwamba siklofosfamidi pamoja na prednisoni vinageuza hesabu hiyo. Katika ripoti yao ya 1983 ya wagonjwa 85, wagonjwa 93 kwa kila 100 walipata nafuu kamili. Kipimo cha damu cha ANCA, yaani cha kingamwili zile dhidi ya neutrofili, kilihusishwa na ugonjwa huu mwaka 1985, katika kazi ya van der Woude na wenzake wa Uholanzi na Denmark. Maana yake kila kilichohitajika kumwokoa fundi wangu kilikuwapo duniani kabla mimi sijavaa koti jeupe.

Sampuli ya ANCA ilisafirishwa nje ya nchi kwa pesa iliyochangwa na ukoo. Majibu hayakusubiriwa. Walichukua kipande cha figo kwa sindano, na mtaalamu wa patholojia akaona vichujio vilivyojaa chembe kwa umbo la hilali, na karibu hakuna mabaki ya kingamwili kwenye kuta. Kipande kile kilikuwa na uzito kuliko karatasi ya damu, kwa sababu ANCA inaweza kujitokeza hata kwa baadhi ya wenye kifua kikuu, na sisi tulikuwa tumesimama hapo hapo kwenye njia panda. Dawa ya ugonjwa mmoja ni kuishusha kinga ya mwili. Ukiishusha kwa mwenye kifua kikuu halisi, umemfungulia mdudu mlango. Usipoishusha kwa mwenye ugonjwa huu wa mishipa ya damu, figo zinakwisha mbele ya macho yako.

Na hata vidonge nilivyokuwa nimempa vilikuja kuwa kikwazo. Rifampisini huliamsha ini likaivunja prednisoloni upesi, hivyo kipimo unachomeza sicho kinachofanya kazi. Walisubiri uoteshaji wa makohozi uliokuwa umeanzishwa awali, haukuota kitu. Wakasimamisha dawa za kifua kikuu, wakamwachia isoniazidi peke yake kama kinga, wakampa methiliprednisoloni ya mshipa kwa siku tatu, kisha siklofosfamidi, na kotrimoksazoli ya kuzuia nimonia. Rituksimabu ilitajwa, bei ikatajwa, mazungumzo yakaishia hapo.

Mapafu yalisafika. Jicho lilipona. Pua imebaki na magamba lakini haitoi damu. Mguu umerudi nusu. Figo hazikurudi. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, mbali na nyumbani kwake. Diklofenaki haikuleta ugonjwa, ila kuwapa figo zilizokuwa zinachanika dawa inayozipunguzia damu ni mzigo niliouongeza kwa mkono wangu, na ulikuwa kwenye faili pamoja na sahihi.

Kosa la pili nililifanya nikiwa nimekwishalijua la kwanza, na ndilo ninalolionea aibu zaidi. Niliombwa niwasilishe habari za mgonjwa huyu kwenye mkutano wa asubuhi wa madaktari. Niliandaa slaidi nzuri. Kichwa kilisema ni kisa adimu chenye sura ya kifua kikuu. Nilionyesha picha za mapafu, hilali za figo, mchoro wa neutrofili. Nilieleza jinsi ugonjwa "unavyojificha". Diklofenaki sikuitaja. Mkojo niliuweka kwenye tarehe aliyopokelewa na yule tabibu, kana kwamba kabla ya hapo ulikuwa safi. Waliuliza maswali ya akili, wakanipigia makofi, na mkubwa wangu mmoja akanipongeza kwa kuugundua. Sikumsahihisha.

Sista alikuwa amekaa viti vya nyuma. Hakusema kitu pale. Tuliporudi kliniki aliniuliza kama nataka na yeye abadilishe alichoandika kwenye kitabu cha wauguzi, maana aliandika siku ile ile: rangi, povu, saa, na kwamba daktari ameelezwa. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza kama chai iletwe sasa. Nilimwambia asibadilishe. Nikamwomba radhi, vibaya, kwa maneno mengi. Akasema radhi ni ya mzee kwanza. Kuhusu kliniki alikuwa na ombi moja: vijiti vya mkojo viwekwe chumbani kwetu, na mgonjwa yeyote ambaye makohozi yake hayakuthibitisha apimwe mkojo siku ya kuanza na kila anaporudi, bila kumsubiri daktari aridhie. Vipo sasa, kwenye droo yake. Nimeomba pia niirudie ile mada mbele ya watu wale wale, na Sista amekubali kuisimulia mwenyewe sehemu ya mkojo.

Kwa mzee nilikwenda siku yake ya kusafishwa. Nilimwamkia, akaitika, nikakaa upande wa mkewe. Nilimweleza kwa kufuata tarehe: diklofenaki, mguu, mkojo. Nilikuwa nimejiandaa kumfafanulia jinsi magonjwa haya mawili yanavyofanana, nikaona kwamba kila nikianza kufafanua nageuka wakili wangu mwenyewe, nikaacha.

Mkewe alisema, "Sista alikuja kukuita. Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Ndiyo, mama."

"Hukuinuka."

"Sikuinuka."

Mzee aliuliza swali ambalo nililitegemea: kama ningeinuka siku ile, figo zingekuwa zinafanya kazi? Nilimjibu kwamba hakuna daktari anayeweza kumwapia, lakini wanaoanza dawa mapema, kabla kreatinini haijapanda, wengi wao huziokoa figo, na siku ile nafasi yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa alipofika rufaa. Alitafakari kidogo, akasema amesikia ofisi ya ustawi wa jamii inapunguzia watu gharama wakiwa na barua. Je, ninaweza kuandika? Mkewe akaongeza kwamba barua iseme sababu, isiishie kwenye "hali duni ya kipato", kwa sababu hali yao haikuwa duni kabla ya haya. Walikuwa na cherehani mbili na fundi mwanafunzi.

Niliiandika hapo hapo, na tarehe ya mkojo nikaitia. Afisa ustawi aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika nataka karatasi ya namna hiyo ibaki kwenye faili. Nikasema ibaki. Akagonga muhuri. Wamesamehewa gharama ya safari moja kati ya tatu za kila wiki. Nyingine mbili bado wanalipa, na cherehani moja imekwishauzwa.